Miaka 30 ya TGNP: Nyumba ya Mabibo na Maneno Yaliyotoka Humo

Novemba 2023 Tamasha la Jinsia lilifanyika kwa mara ya 15 katika viwanja vya shirika la harakati za jinsia la TGNP Mtandao, Mabibo, Dar es Salaam, na safari hiyo wenyeji walikuwa na sababu ya ziada ya kupiga vigelegele. Shirika lao lilikuwa limetimiza miaka 30. Lilizaliwa mwaka 1993, wakati asasi za kiraia zilikuwa zikichipuka kila wiki, na nyingi kati ya hizo leo zimebaki mihuri na makabrasha kwenye makabati ya waliozianzisha. Hii ina geti, ina ukumbi, ina rafu za vitabu na mikeka ya kukalia pale viti vinapokwisha. Mwanamke wa Mbagala akiambiwa "twende TGNP" anajua ateremke kituo gani.

Pongezi zetu zinaanzia hapo, kwenye nyumba. Wengine watasifu miradi, na miradi imekuwepo mingi. Sisi tunaamini kwamba jambo kubwa kuliko yote waliyofanya wanawake walioanzisha shirika hili ni kujipatia mahali pao wenyewe pa kukutana, kubishana, kuandika na kuchapa, na kupashikilia mpaka leo bila kupaachia. Harakati zinazokutana kwenye ukumbi wa kuazima huzungumza kwa kipimo cha mwenye ukumbi. Ukumbi ukiwa wa chama, zitazungumza ya chama. Ukiwa wa hoteli, zitakwisha saa ya kulipia ikikwisha. Mabibo hakuna wa kuzima taa.

Na eneo lenyewe lina maana yake. Mabibo ilihesabiwa ndani ya Kinondoni mpaka Manispaa ya Ubungo ilipoundwa. Ni mtaa wa vyumba vya kupanga, wa soko la ndizi ambalo watu wanaliita Mahakama ya Ndizi, wa hosteli ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jirani na kiwanda cha nguo cha Urafiki. Mashirika yenye wafadhili yalikuwa yakikimbilia Upanga, Oysterbay na Masaki, huko ambako mlinzi anamuuliza mama mwenye kanga mara mbili anamtafuta nani. TGNP iko Barabara ya Mabibo, karibu na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Muuza ndizi anaweza kuingia, akasikiliza, akarudi kwenye meza yake kabla ya jioni. Huwezi kupima faida ya jambo hilo kwenye ripoti ya mwaka, lakini ndilo lililoamua nani anazungumza ukumbini.

Kabla ya 1993 wanawake wa nchi hii hawakuwa kimya, na atakayesema walianza kuamka na semina za jinsia atakuwa anawadhulumu wazee wetu. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alitumia vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam kuijaza TANU wanachama, na vikundi hivyo vilikuwa na viongozi wao, michango yao na sare zao kabla chama hakijawafikia. Baada ya uhuru ikaja UWT, mwaka 1962. Ilifanya mengi, lakini ilikuwa jumuiya ya chama, na kwa miaka mingi ndiyo sauti pekee ya wanawake iliyokuwa na baraka za serikali. Mwanamke aliyetaka kuuliza swali ambalo chama hakijalipenda alikuwa hana pa kuliulizia.

Swali hilo lilianza kuulizwa Mlimani. Katika miaka ya 1980, wanazuoni wanawake wa Chuo Kikuu walijikusanya kwenye vikundi vya utafiti, kimojawapo kikiwa kile kilichojulikana kwa kifupi kama WRDP, mradi wa utafiti na uwekaji kumbukumbu za wanawake. Walikwenda vijijini na mitaani kusikiliza maisha ya wanawake wa kawaida na kuyaandika. Mwaka 1991 Magdalene Ngaiza na Bertha Koda walihariri kitabu cha simulizi hizo, Unsung Heroines, ambamo mkulima na mfanyakazi wa mjini wanasimulia maisha yao kwa kinywa chao. Huku mjini waandishi wa habari wanawake walikuwa wameunda TAMWA mwaka 1987 na kutoa jarida la Sauti ya Siti, kwa jina la Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar aliyetoka kwenye umaskini akaingia kwenye santuri wakati ambapo wanawake wa pwani hawakutarajiwa kusikika nje ya ua. Utafiti, uandishi na hasira vilikuwepo tayari. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, mlango wa kisheria nao ukafunguka.

Waliopita kwenye mlango huo na kuanzisha TGNP ni pamoja na Marjorie Mbilinyi, Ruth Meena, Demere Kitunga, Mary Rusimbi na Usu Mallya. Hawakuwa watu wa aina moja. Walikuwemo maprofesa, mwalimu wa watu wazima, mchapishaji, na watu waliojua kukaa na kikundi cha kijijini siku nzima bila kutoa hotuba. Mchanganyiko huo ulizaa njia ya kazi ambayo mpaka leo ndiyo alama ya Mabibo, yaani uraghbishi. Mraghbishi haendi kijijini na majibu mfukoni. Anakaa na watu mpaka wenyewe wataje tatizo lao, wachimbue chanzo chake, waone nani ananufaika nalo, kisha waamue hatua. Ni kazi ya polepole, na wafadhili wenye haraka ya matokeo hawajawahi kuipenda sana. Lakini vituo vya taarifa na maarifa vilivyoota kwenye kata za pembezoni, kama vile Kipunguni na Majohe, ni matunda yake, na vinaendeshwa na wakazi wenyewe: wanafuatilia dawati la jinsia la polisi, wanafuatilia bomba la maji, wanamfuata mtendaji wa kata mpaka atoe hesabu.

Kuchapa kulianza mapema. Mwaka uleule wa 1993 TGNP ilitoa taswira ya hali ya jinsia Tanzania, kitabu cha takwimu na uchambuzi kilichoonyesha nani anamiliki, nani anasoma, nani anafanya kazi bila malipo na nani anaamua. Likaja jarida la Ulingo wa Jinsia. Vikaja vipeperushi, vitabu vya mafunzo, mabango, kalenda. Mwaka 2003 vikatoka vitabu viwili vizito kwa mpigo: Activist Voices, cha wahariri kadhaa wa nyumba hiyo, na Against Neo-Liberalism, ambacho Mbilinyi alikihariri pamoja na marehemu Profesa Chachage Seithy Chachage. Chachage alikuwa mwanamume, mwanasosholojia, mwandishi wa riwaya za Kiswahili, na rafiki wa kweli wa harakati hizi. Tunamtaja kwa sababu wapo bado wanaodhani Mabibo ni mahali pa kuwachukia wanaume.

Vitabu hivyo vilisema jambo ambalo wakati ule lilikuwa chungu. Vilisema kwamba ubinafsishaji, ada za hospitali na sera za kubana matumizi ya serikali havikuwa mambo ya wachumi peke yao. Serikali ilipojitoa kwenye huduma, kazi haikupotea. Ilihamia mgongoni mwa mwanamke. Mgonjwa aliyerudishwa nyumbani mapema aliuguzwa na nani? Ndoo iliyobebwa baada ya bomba kukauka ilibebwa na nani? Wanawake wa Mabibo waliuliza hayo mwaka 2003, na waliyaandika.

Hapa pana kasoro moja ambayo hatuwezi kuifumbia macho hata siku ya sherehe. Vitabu vile viwili viko kwa Kiingereza. Ulingo wa Jinsia uliwafikia watu, lakini hoja nzito kabisa, zile za kubishana na Benki ya Dunia kwa ushahidi, ziliandikwa kwa lugha ambayo mama wa Tandika hasomi. Tunajua sababu: chuo kikuu kinataka Kiingereza, mfadhili anataka Kiingereza, soko la vitabu vya Kiswahili vya fikra ni dogo. Elieshi Lema na Demere Kitunga walilijua tatizo hilo kwa undani kuliko wengi, maana wao wenyewe walianzisha kampuni ya uchapishaji ya E&D, na baadaye Kitunga akafungua Soma Book Café kule Regent Estate, Mikocheni, ili watu wapate mahali pa kusoma na kuzungumzia vitabu. E&D ndiyo iliyotoa Parched Earth, riwaya ya Lema ya mwaka 2001, moja ya riwaya chache za wakati ule zilizoingia ndani ya ndoa ya Mtanzania na kuitazama kwa macho ya mwanamke bila kupepesa. Wanawake waliofanya yote hayo wanaweza kabisa kutupatia Activist Voices kwa Kiswahili. Miaka 30 ni umri wa kulifanya hilo.

Ukituuliza lakini ni chapisho gani la Mabibo tunalolithamini zaidi, tutajibu kwamba halikuchapwa. Ni semina za Jumatano. Kila wiki, alasiri, mada moja huwekwa mezani na yeyote anaweza kuingia. Ni semina za jinsia na maendeleo, maarufu kwa kifupi chake cha GDSS, na zimeendelea mwaka baada ya mwaka. Huja mwanafunzi wa Mlimani mwenye daftari, huja mama lishe, huja diwani anayetaka kuonekana, huja mzee mstaafu wa reli anayepinga kila kitu, huja binti aliyeacha shule na mtoto mgongoni. Wanatoka Manzese, Tandale, Temeke, Kivule. Anayezungumza kwanza si lazima awe msomi, na msomi akianza kutumia maneno ya semina anakatishwa na kuombwa aseme kama watu. Hapo bajeti ya taifa imechambuliwa mstari kwa mstari, sheria ya ndoa ya 1971 imelaaniwa mara zisizohesabika, na rushwa ya ngono imetajwa kwa sauti wakati ofisi nyingi zilikuwa bado zinaiita "mambo binafsi". Watu wazima wamejifunza kusimama na kusema mbele ya watu kwa mara ya kwanza kwenye ukumbi ule. Wapo miongoni mwao walioishia kugombea udiwani.

Kazi ya bajeti ndiyo iliyoipeleka TGNP kwenye meza za wakubwa. Mwaka 1997, pamoja na wenzake wa muungano wa FemAct ulioundwa mwaka mmoja kabla, ilianza kuichambua bajeti ya serikali kwa mrengo wa kijinsia. Wengi walicheka. Bajeti ni tarakimu, walisema, na tarakimu hazina jinsia. Watafiti wakakaa na vitabu vya makadirio vya Elimu, Afya, Fedha na Mipango wakaonyesha kwamba tarakimu zina mwenyewe: fedha zinazokatwa kwenye maji zinalipwa kwa saa za wasichana, na fedha zinazowekwa kwenye zana za kilimo zinaishia kwenye mazao ambayo mauzo yake hayafiki kwa mke. Ndani ya miaka michache Wizara ya Fedha ikaanza kuagiza wizara nyingine ziandae bajeti kwa kuzingatia jinsia. Utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2006 ukapima kwa mara ya kwanza matumizi ya muda, ukahesabu saa za kupika, kuteka maji, kulea na kuuguza. Hatusemi TGNP peke yake ndiyo iliyofanya hayo. Tunasema Mabibo ndiko hoja ilikopikwa mpaka ikaiva.

FemAct ilistahili tahariri yake. Ilizaliwa wakati wa BAWATA, baraza la wanawake lililoongozwa na Anna Tibaijuka, ambalo serikali ililisimamisha na hatimaye kulifuta mwaka 1997 kwa kisingizio cha kujiingiza kwenye siasa. Pigo lile liliwafundisha wanawake kwamba shirika moja kubwa hufutwa kwa barua moja, lakini mashirika mengi yaliyoshikana mikono ni kazi ngumu kuyafuta. Wakadai sheria za ardhi zimtambue mwanamke, na sheria za 1999 zikampa haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. HakiElimu ilipopigwa marufuku mwaka 2005 kuchapisha tafiti kuhusu shule, FemAct ilisimama nayo. Nyumba za wafugaji zilipochomwa Loliondo mwaka 2009, ujumbe wa FemAct ulikwenda kusikiliza na kurudi na ripoti iliyoiudhi serikali. Wakati wa mgomo wa madaktari mwaka 2012 wanaharakati waliandamana kudai serikali izungumze nao, na baadhi yao, viongozi wa mashirika ya wanawake wakiwemo, walikamatwa. Mwaka 2017 ilipotamkwa kwamba msichana aliyejifungua hatarudi shule, Mabibo haikukubali, na haikunyamaza mpaka Novemba 2021 zuio hilo lilipoondolewa.

Katika orodha ya ushindi wa harakati za wanawake ipo pia sheria moja ambayo tunataka kukaa nayo kidogo. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, SOSPA, ilikuwa tunda la miaka ya kampeni ya TAMWA na wenzake, iliyopamba moto baada ya mwanafunzi wa kike wa Mlimani kujiua mwaka 1990 kwa kunyanyaswa na wanafunzi wa kiume. Iliongeza adhabu ya ubakaji, ikatambua unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa, ikapiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Tuliishangilia na tulikuwa na haki ya kuishangilia. Lakini sheria hiyohiyo ilipandisha adhabu ya kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kujamiiana "kinyume cha maumbile", mpaka kifungo kisichopungua miaka 30. Miaka sita baadaye Zanzibar ikaenda mbali zaidi ikawataja wanawake kwa jina: mwanamke anayelala na mwanamke mwenzake anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Vitabu vya pongezi havisemi haya. Chombo kilichochongwa kumlinda mwanamke kiliondoka na baadhi ya wanawake.

Haya ni maneno yetu sisi, wala hatusemi kwa niaba ya TGNP wala mtu yeyote anayefanya kazi Mabibo. Tunayasema kwa sababu historia ya nyumba hii haijitenganishi nayo. Mwaka 1985, wanawake wa dunia walipokutana Nairobi, wanawake wanaopenda wanawake walikaa kwenye nyasi za Chuo Kikuu cha Nairobi wakazungumza na kila aliyetaka kuuliza, na kwa wengi wa Afrika Mashariki ilikuwa mara ya kwanza kuwaona watu hao wakijitambulisha hadharani. Miaka kumi baadaye mkutano wa Beijing uliongozwa na Mtanzania, Mama Gertrude Mongella. Ni katika mkutano huohuo, tarehe 13 Septemba 1995, ambapo kijana wa Afrika Kusini, Beverley Palesa Ditsie, alisimama mbele ya mataifa akasema kwamba haki za wanawake wa aina yake ni haki za wanawake. Azimio la mwisho halikuwataja; maneno ya kuwataja yaliondolewa kwenye usiku wa mwisho wa majadiliano. Lakini alisikika, kwenye mkutano ambao binti wa Ukerewe ndiye aliyekuwa katibu mkuu wake, na Watanzania tuna haki ya kulihesabu tukio hilo katika urithi wetu.

Tazama pia nyumba za wenzetu. Mwaka 1979 wanawake wa San Francisco walinunua jumba la zamani la chama cha Wanorwei wakaligeuza kuwa jengo la wanawake, na mashirika mengi, ya wasagaji yakiwemo, yakapata dawati na simu humo. New York, Joan Nestle na wenzake walianza mwaka 1974 kukusanya barua, picha na majarida ya wanawake wapendao wanawake kwenye nyumba yake ya kupanga, mpaka michango midogomidogo ikatosha kununua nyumba Brooklyn. Nyumba hiyo ilifunguliwa 1993, mwaka uleule wa TGNP. Hakuna aliyewapa wanawake hao hifadhi ya nyaraka. Waliona wenzao wakifa, ndugu wanachoma barua zao, wakaamua kuziokoa. Jirani zetu Waganda hawakuwa hata na nafasi ya kununua nyumba. Kasha Jacqueline Nabagesera na wenzake walianzisha shirika la FARUG mwaka 2003, na mwaka 2014, baada ya magazeti ya udaku kuchapa majina na sura za watu wapendao jinsia yao, yeye na wenzake walijibu kwa kuchapa jarida lao, Bombastic, wakaligawa bure, watu wenyewe wakisimulia maisha yao. Mwaka 2023 Uganda ilipitisha sheria dhidi yao yenye adhabu ya kifo ndani yake. Mwaka huohuo, mwezi Februari, Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema kwamba watu hao wana haki ya kusajili shirika lao kama raia wengine, hata sheria ya adhabu ikiwa bado ipo. Mahakama haikuwapa zaidi ya haki ya kuwa na jina kwenye daftari la serikali, na ilichukua karibu miaka kumi ya kesi kuipata.

Huku kwetu, mwaka 2018 kiongozi wa mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kamata kamata na kuwaomba wananchi wataje majina. Wanawake waliogopa hata kwenda kliniki. Hatukuona kosa la Mabibo kutokubandika bango siku ile; bango lingewahukumu waliokuwa wakilindwa. Tunachosema ni kwamba hoja zote ambazo nyumba hii imezijenga kwa miaka 30, kwamba mwili wa mwanamke ni wake, kwamba yanayofanyika chumbani si siri ya familia yanapokuwa ya mabavu, kwamba mfumo dume huamua nani ahesabiwe mtu, hazina alama ya kusimama mlangoni mwa mwanamke mmoja. Binti anayepigwa na kaka zake huko Temeke ili "apone", au anayeozwa kwa nguvu kwa sababu amekutwa na barua ya msichana mwenzake, amefanyiwa ukatili uleule ambao semina za Jumatano zimekuwa zikiupinga. Kumsikiliza hakuhitaji sheria mpya. Kunahitaji ukumbi ambamo haitwi mchafu akiingia.

Yako mambo mengine ya kuiambia nyumba hii kwa upendo. Fedha yake imetoka nje kwa sehemu kubwa, na kila anayejua shughuli za asasi anajua upepo wa wafadhili unavyogeuka. Kuwa na eneo lao na chuo chao cha mafunzo ya jinsia kumewaokoa pale ambapo wengine walifunga virago kwa kushindwa kodi. Inafaa sasa wanachama, na maelfu waliopita kwenye mafunzo hayo na leo ni wakurugenzi, wabunge na maafisa mipango wa halmashauri, waanze kuchangia nyumba iliyowalea, hata kidogokidogo, kama wanavyochangia harusi.

Uongozi umepita kwa utaratibu, toka Mary Rusimbi kwenda Usu Mallya mpaka Lilian Liundi, bila mwanzilishi kukaa kitini mpaka afe. Katika nchi yetu, na katika asasi zetu, hilo ni jambo la kuandikwa kwa herufi kubwa. Ruth Meena bado anadai nusu kwa nusu kwenye katiba mpya kwa nguvu zilezile za mwanzo. Lakini waasisi wanazeeka. Wanayoyajua kuhusu miaka ya WRDP, BAWATA, bajeti ya kwanza na matamasha ya kwanza yako vichwani mwao na kwenye makasha. Karatasi za joto la Dar es Salaam haziishi milele. Mchwa na unyevu havijui thamani ya Ulingo wa Jinsia.

Kwa hiyo ombi letu kwa TGNP katika jubilei hiyo ni la vitendo. Kusanyeni matoleo yote ya Ulingo wa Jinsia, mabango, kanda na picha za matamasha yote, myaskani kwenye mashine, myaweke wazi kwa Kiswahili kwa kila mwenye simu. Tafsirini vitabu vya 2003. Warekodini waasisi wangali na sauti, na muwaulize pia maswali magumu, hilo la sheria ya 1998 likiwemo. Na rafu moja ya hifadhi hiyo iwekwe kwa ajili ya wanawake ambao majina yao hayawezi kuandikwa sasa, watakaotaka kuacha maneno yao mpaka wakati utakaporuhusu.

Nawe msomaji, kama una nyaraka za miaka ile chini ya kitanda, za kikundi, za semina, za kampeni, usizifungie maandazi. Zipeleke Mabibo. Jumatano alasiri utawakuta wengi.